Sura ya Nne: Deki Inayolingana na Kioo

Malalamiko huanza siku ileile runinga mpya inapowashwa. Baba kanunua TV ya 4K ya inchi 55, fundi kaipachika ukutani, deki ya zamani imechomekwa, na DVD ya harusi ya binti imewekwa ili ndugu waliokuja kuiona TV wapate cha kutazama. Haichukui dakika, sebule nzima imenyamaza. Picha ni mbaya kuliko ilivyokuwa kwenye TV ya chogo. Nyuso zimefifia, ukingo wa shela umekuwa ngazi ngazi, majina ya wapambe yanatetemeka chini ya kioo. Fundi atasema deki imechoka. Muuza duka atasema ongeza laki kadhaa uchukue deki ya 4K. Inawezekana kabisa wote wawili wamekosea, na anayelipia kosa ni mwenye nyumba.

Msimamo wangu ni huu: deki huchaguliwa kwa kuangalia kwanza diski zilizomo kabatini, kisha umbali kati ya kochi na kioo. Maandishi ya kwenye boksi la TV yanashika nafasi ya tatu.

Tuanze na diski, maana hapo ndipo hesabu ilipo. DVD ya mfumo wa PAL, mfumo ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimeutumia tangu enzi za antena, ina pikseli 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu. Zidisha, unapata 414,720. TV ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani pikseli 8,294,400. Gawanya, unapata 20. Kila pikseli moja ya diski inatakiwa kujaza nafasi ya pikseli 20 za kioo, na zile 19 hazimo popote kwenye diski. Lazima zibuniwe. TV ya chogo haikuwa na kazi hiyo. Haikuwa na pikseli za kudumu: mwale wa elektroni ulichora mistari kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio na kasi ileile iliyorekodiwa kwenye DVD, na kwa kuwa kioo chenyewe kilikuwa cha inchi 21, kasoro zilijificha. DVD iliingia sokoni Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka uliofuata, na ilitengenezwa kwa ajili ya vioo vya namna ile.

Kubuni pikseli zinazokosekana ndiyo kazi ya kukuza picha, na mnunuzi anapaswa kuamua nani aifanye, deki au TV. Miaka ya 2000 jibu lilikuwa deki, kwa sababu TV bapa za mwanzo zilikuwa na prosesa dhaifu. Leo mambo yamegeuka. TV ya 4K inalazimika kukuza karibu kila kitu inachopokea, iwe taarifa ya habari ya king'amuzi au video ya simu, kwa hiyo watengenezaji wameweka nguvu kubwa humo ndani. Deki ya bei nafuu ina chipu ya bei nafuu. Ukiiamuru ikuze picha hadi 1080p, kisha TV ikaikuza tena hadi 4K, makosa ya mkono wa kwanza yanakuzwa na mkono wa pili. Na hata mkuzaji hodari haongezi kisichokuwepo. Mchuzi ukiongezwa maji utatosha wageni wengi zaidi, lakini nyama ni ileile.

Hapa ndipo maboksi yanapowapoteza watu. Deki ya DVD iliyoandikwa 1080p, au hata 4K kwa herufi kubwa, bado ni deki ya DVD. Leza yake nyekundu ya nanomita 650 haiwezi kusoma Blu-ray, ambayo huhitaji leza ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Maandishi yale maana yake ni kwamba deki inaikuza picha kabla ya kuitoa, kazi ambayo TV yako ingeifanya bila malipo ya ziada. Deki halisi ya 4K ina nembo ya Ultra HD Blu-ray. Nembo hiyo isipokuwepo, usitoe fedha ya 4K.

Kabla hujatoa fedha yoyote, angalia waya. Deki nyingi majumbani bado zimeunganishwa kwa ule waya wa vichwa vitatu, njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Waya wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na TV inalazimika kuvitenganisha upya. Utenganisho huo haukamiliki kamwe. Ndiyo maana wekundu wa kanga huvuja nje ya mpaka wake, na vinukta vidogo hutambaa pembeni mwa herufi. HDMI hupeleka picha kama namba, bila kuichanganya. Kama deki uliyonayo ina tundu la HDMI, anza na waya. Sehemu kubwa ya aibu ya siku ile ya kwanza huishia hapo.

Sasa jaribu jambo moja. Tafuta kwenye DVD ya harusi pale maharusi wanapoingia ukumbini na kamera inawafuata kwa pembeni. Ingia kwenye menyu ya deki, ondoa 1080p, weka 576i kama ipo ili TV ndiyo ikuze, na utazame kipande kile. Rudisha 1080p, kitazame tena. Usihangaike na nyuso. Kazia macho mistari ya mshazari: kona ya meza ya keki, kamba za taa zilizoning'inia, ukingo wa ngazi za jukwaa. Pale ambapo mistari hiyo inabaki laini kamera ikitembea, hapo ndipo penye mkuzaji bora, na ndiyo mipangilio ya kuiacha.

Sababu ya mistari hiyo kuharibika inafaa kueleweka, kwa kuwa inaamua ununuzi. Kamera za video zilizorekodi harusi nyingi za miaka ile hazikupiga picha kamili. Zilipiga nusu 50 kwa sekunde: kwanza mistari witiri, halafu mistari shufwa, zikipokezana. Kati ya nusu moja na nyingine bibi harusi ameshasogea. Mashine ikiziunganisha kizembe, kila kinachotembea huota vijimeno pembeni. Filamu ya sinema haina tatizo hilo. Imepigwa fremu 24 kwa sekunde, na kwenye DVD ya PAL huharakishwa kidogo ifike 25, ndiyo maana filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96 na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Nusu zake mbili zinatoka kwenye fremu moja, hivyo zinaungana bila mshono. Matokeo yake ni kwamba deki inayoonyesha sinema vizuri mno dukani inaweza kushindwa vibaya na harusi yako. Ukienda kununua, beba diski yako mwenyewe na uombe iwekwe hiyo.

Diski hizo zina udhaifu mwingine, na hapa naomba msomaji asisubiri. DVD ya filamu ya dukani hugandamizwa kiwandani, na taarifa zake ni mashimo halisi kwenye plastiki. DVD ya harusi, ya kipaimara au ya mahafali imechomwa kwa kompyuta kwenye tabaka la rangi ya kikemikali, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Kabati lililo dirishani pwani ni mahali pabaya pa kuihifadhi. Dalili za mwanzo ni picha kuganda au kuvunjika vipande mwishoni mwa diski. Kabla ya kuchagua deki, nakili diski hizo kwenye kompyuta na kwenye diski kuu ya nje, kwa sababu deki bora kuliko zote haisomi rangi iliyokwisha kufutika. Na kama kabatini mna VCD, zile za kwaya na taarabu zilizouzwa kila kona, soma orodha ya diski zinazokubaliwa na deki unayoitamani. Deki nyingi za Blu-ray husoma DVD bila shida lakini zimeiacha VCD nje. Kwa mwenye VCD nyingi, deki ya zamani isitupwe.

Baada ya DVD inakuja Blu-ray. Ilitoka mwaka 2006, ikapigana na HD DVD ya Toshiba hadi Februari 2008 Toshiba ilipoinua mikono. Diski moja hubeba GB 25 au 50, dhidi ya 4.7 au 8.5 za DVD, na picha yake ni 1920 kwa 1080. Kwa TV ya 4K hii ni zawadi: kila pikseli inajaza nafasi ya pikseli nne hasa, mbili kwa mbili, bila mabaki. Ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa mkuzaji, na ndiyo sababu Blu-ray nzuri kwenye 4K humfanya mgeni aulize ni diski gani hiyo.

Je, uende mbali zaidi, hadi 4K yenyewe? Chukua futi kamba upime sebule. Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Picha ya 1080 ikitandazwa hapo, pikseli moja ina upana wa milimita 0.63, na jicho linaacha kuitambua ukishafika mita 2.2. Pikseli ya 4K ni nusu ya hiyo, kwa hiyo inapotea mita 1.1 tu kutoka kwenye kioo. Mstari wa DVD, wenye unene wa milimita 1.2, unaendelea kuonekana mpaka mita 4. Sebule nyingi nizijuazo zina kochi mita 3 kutoka ukutani. Hapo kutoka DVD kwenda Blu-ray ni safari kubwa ambayo hata babu asiyevaa miwani ataiona. Kutoka Blu-ray kwenda 4K, kwa hesabu ya pikseli peke yake, hakuna unachopata. Anayetaka faida hiyo asogeze kochi au anunue kioo kikubwa zaidi.

Hata hivyo pikseli siyo hoja bora ya Ultra HD Blu-ray. Hoja bora ni rangi na mwanga. DVD na Blu-ray hugawa kila rangi ya msingi katika viwango 256. Ultra HD Blu-ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, hugawa viwango 1,024. Tazama anga la magharibi wakati jua linazama: kwenye DVD utaona mikanda ya rangi iliyopangana, kwenye 4K rangi zinayeyukiana. Mwanga nao umebadilika. Picha ya kawaida ilitayarishwa kwa kioo cha niti 100 (niti ni kipimo cha mwangaza), wakati picha ya HDR, yaani yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, hutayarishwa kwa niti 1,000 na wakati mwingine 4,000, kwa hiyo mshumaa unawaka kama mshumaa na giza lililouzunguka linabaki giza. Tofauti hii utaiona hata ukiwa mita 5. Diski yenyewe hubeba hadi GB 100 na hutiririsha hadi megabiti 128 kwa sekunde, ilhali Netflix huwashauri wateja wa 4K wawe na intaneti ya megabiti 15. Katika nyumba inayonunua bando kwa kupima, diski ni picha bora isiyokula chochote.

Si kila diski ya 4K inastahili bei yake. Filamu nyingi za zama za dijitali zilikamilishwa kwa ukubwa wa 2K, unaokaribiana na wa Blu-ray, kisha zikakuzwa kiwandani. Ajabu ni kwamba baadhi ya filamu za zamani ndizo zenye cha kuonyesha. Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65, na jangwa la Jordan lililomo humo lina maelezo ambayo DVD haikuwahi kuyagusa.

Kikwazo ni kioo. TV ya bei nafuu inaweza kuandikwa HDR kwa sababu tu inaikubali ishara hiyo, huku mwanga wake wa juu ukiwa niti 300 hivi. Ikiletewa picha ya niti 1,000 inapaswa kuibana, na nyingi huibana vibaya: picha inakuwa ya giza, watu wanadhani diski ni mbovu. Deki inaweza kusaidia hapa kwa namna ambayo kwenye DVD haiwezi. Panasonic DP-UB820 ina kazi ya kubana mwanga kabla ya kuipelekea TV, na unaieleza ni aina gani ya kioo ulicho nacho. Kwa mwenye 4K ya kawaida hiyo ndiyo sifa ambayo ningeilipia kabla ya nyingine yoyote. Kama huwezi kuipata, iamuru deki itoe picha bila HDR. Mara nyingi itapendeza kuliko HDR iliyoshindwa.

Halafu kuna ushindani wa kampuni. Kila diski ya HDR ina HDR10, na juu yake baadhi huongeza Dolby Vision na nyingine HDR10+, zinazorekebisha mwanga tukio kwa tukio. Samsung haiweki Dolby Vision kwenye TV zake, inatumia HDR10+. LG inatumia Dolby Vision, haitumii HDR10+. Mwenye Samsung asilipe zaidi kwa ajili ya Dolby Vision. DP-UB820 inazo zote mbili. Sony UBP-X700 ina Dolby Vision bila HDR10+, nayo unaiwasha na kuizima mwenyewe kwenye menyu. PlayStation 5 yenye mlango wa diski husoma Ultra HD Blu-ray, na kwa nyumba yenye vijana huenda deki tayari iko chini ya TV bila wazazi kujua, ila haina Dolby Vision kwa diski na haichezi CD za muziki.

Ukishaiunganisha, hakikisha tundu la TV unalotumia linakubali HDCP 2.2, kinga ya nakala ambayo bila hiyo diski ya 4K haionyeshi 4K. Kwenye TV za 4K za miaka ya mwanzo huenda ni tundu moja tu lililo nayo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV ulipanue tundu hilo lipokee ishara kamili, maana TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimelibana. Sony huiita Enhanced format, Samsung huiita Input Signal Plus. Watu wengi wamelipia 4K na wanatazama nusu yake kwa sababu ya kitufe hiki.

Kwa anayeletewa deki na ndugu wa nje, kuna mambo ya kumuuliza kabla hajapanda ndege. DVD zimegawanywa kwa kanda: Afrika Mashariki ni kanda ya 5 pamoja na India na Urusi, Ulaya na nchi za Ghuba ni ya 2, Marekani na Kanada ni ya 1. Blu-ray ina mgao wake. Sisi ni B, kundi moja na Uingereza na Oman, Marekani ni A, India ni C. Diski za 4K hazina kanda kabisa, lakini deki ya 4K bado inafuata kanda inaposoma DVD na Blu-ray. Kwa hiyo deki ya London au Muscat itakufaa kwa Blu-ray, na kwa DVD iulizwe kama inasoma kanda zote. Deki iliyonunuliwa Marekani ni ya kuihofia zaidi. Mara nyingi hugoma kusoma DVD ya PAL, na hilo linawaumiza pia ndugu walioko Minnesota wanaotumiwa diski ya harusi kutoka nyumbani. Igeuze usome kibandiko cha nyuma: kikisema volti 120 peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza sekunde ya kwanza. Kikisema 100 hadi 240, iko salama.

Maduka yenye deki mpya za 4K yanapungua. Oppo, iliyotengeneza deki zilizosifiwa sana, iliacha mwaka 2018. Samsung ikafuata 2019, LG ikaacha 2024. Panasonic na Sony bado zipo. Ndiyo maana deki za mtumba zitazidi kuja, na nyingi zitakuwa nzuri, mradi uzipime panapostahili. Kinachochoka kwanza ni leza. Dakika za mwanzo za diski karibu kila deki inazisoma, kwa hiyo kuonyeshwa menyu na nembo ya studio si kipimo. Diski ndefu huwa na matabaka mawili, na za 4K zenye GB 100 zina matatu. Leza dhaifu hujikwaa pale inapohama kutoka tabaka moja kwenda jingine, katikati ya filamu au baadaye. Beba diski ya 4K yenye filamu ya zaidi ya saa mbili, ruka hadi saa ya kwanza, acha izunguke mpaka ipite mhamo, kisha ruka hadi karibu na mwisho uache tena. Picha ikiganda, au muuzaji akikataa kukuachia muda huo, mrudishie deki yake.